Muwa Haungoji: Historia ya Mji wa Sukari Ulio Chini ya Milima Yetu

Ukimwambia mtu wa Iringa kwamba unakwenda Ruaha, atakuuliza: Ruaha ipi? Ipo Ruaha Mbuyuni, kwenye barabara kuu ya kwenda Morogoro, pale mabasi yanaposimama watu wakanunua vitunguu madirishani. Ipo Ruaha ya hifadhi, ya tembo na watalii. Halafu ipo Ruaha ya tatu, mji mdogo wa kando ya daraja, jirani na Kidatu, ambao kila upande ukigeuka unaona miwa. Wazee wa kwetu Njombe hawakuuita Ruaha wala Kidatu. Walisema tu "Kilombero", na hawakumaanisha mto wala wilaya. Walimaanisha kiwanda cha sukari. Fulani yuko wapi siku hizi? Yuko Kilombero. Yaani ameshuka kukata miwa, atarudi msimu ukiisha. Au hatarudi.

Kwenye ramani ya serikali mji huu ni wa Mkoa wa Morogoro, nami sina ugomvi na ramani. Lakini mtu akitaka kuandika historia yake akaanzia Morogoro mjini, atakuwa ameingilia mlango wa uani. Maji yake mengi na watu wake wengi vilishuka kutoka Mbeya na Iringa.

Nianze na maji. Mto Ruaha Mkuu unakusanya vijito kutoka milima ya Kipengere na Uporoto, ukipokea Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera kwenye bonde la Usangu, kabla ya kupita Ihefu na kuingia hifadhini. Ruaha Mdogo, ule unaopita chini ya mji wa Iringa pale Ipogolo, nao unaungana nao huko mbele. Mtera wanayazuia, wanayaachia, Lukosi inaongeza yake kutoka milima ya Kilolo, kisha maji yote yanaporomoka kwenye magenge ya Udzungwa hadi Kidatu. Pale kuna bwawa lililoanza kutoa umeme mwaka 1975, lenye uwezo wa megawati 204, ambalo kwa miaka mingi ndilo lililokuwa tegemeo la taa za nchi hii. Maji yakishazungusha mitambo, yanatoka kwenye tambarare, na hapo ndipo penye miwa. Baada ya hapo yanaelekea Rufiji, na wapenzi wa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein watakumbuka ni habari gani ya maji ilianzia kule chini mwaka 1905. Hayo tuyaache.

Mtu wa Makambako au Tukuyu akifika Kidatu mara ya kwanza, mwili wake unajua kabla ya akili. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kidatu iko karibu mita 300. Joto, mbu, na usiku usiokuwa na baridi hata ya kudanganya. Babu yangu, ambaye alikata miwa misimu kadhaa, alikuwa akisema kitu kilichomshinda Kilombero hakikuwa panga, ni kulala bila blanketi. Alisema pia kwamba kule hakuna ulanzi wa maana, na kwa Mbena hilo si jambo dogo.

Kwa nini walishuka? Hapa historia inanoga, na naona vitabu vingi vinapita haraka. Watu wa Nyanda za Juu Kusini walikuwa wamezoea kusafiri kufuata mshahara zamani sana kabla ya sukari. Kodi ya Mwingereza ilitaka fedha taslimu, na fedha haikuota Njombe. Wengine walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa huko Chunya. Wengi walipelekwa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba, kwa sababu mtu alipoandikishwa alipewa namba na namba hiyo ndiyo ikawa jina lake mbele ya karani. (Nairobi neno hilohilo limeishia kuwa la kondakta wa matatu. Maneno nayo huhamia mijini kutafuta maisha.) Na wengine, hasa wa Mbeya, walichukuliwa na WENELA kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini.

Sasa angalia tarehe. Tanganyika inapata uhuru Desemba 1961. Serikali mpya haitaki vijana wake waende kuwatajirisha makaburu, kwa hiyo njia ya WENELA inafungwa. Miaka michache baadaye bei ya mkonge inaporomoka duniani, na mashamba ya Tanga yanapunguza watu. Katikati ya milango hiyo miwili inayofungwa, mwaka 1962, kiwanda cha Kilombero kinatoa sukari yake ya kwanza. Kwa hiyo kijana wa Njombe wa mwaka 1965 aliyekwenda kukata miwa hakuwa anaanza jambo jipya. Alikuwa anafuata njia ya baba yake, ila sasa ilikuwa imefupishwa, na iliishia ndani ya nchi yake mwenyewe.

Waliokijenga kiwanda nao walikuwa wamefukuzwa mahali pengine. Kampuni ya Kiholanzi ya HVA ilikuwa na mashamba makubwa ya miwa Java kwa miongo mingi, hadi Indonesia ilipoyataifisha mwishoni mwa miaka ya 1950. Ilikuwa tayari imeanza kutafuta pa kukimbilia Afrika: ilijenga kiwanda Wonji, Ethiopia, kando ya mto Awash, kikaanza kazi mwaka 1954. Kisha ikaja kwetu kusimamia Kilombero, kwa mitaji ya IFC ya Benki ya Dunia, shirika la maendeleo la Waingereza na fedha za Uholanzi. Wataalamu wa FAO walikuwa wamelipima bonde lote la Rufiji katika miaka ya 1950, wakaona udongo na maji vinafaa. Huwa najiuliza yule fundi wa Kiholanzi aliyetoka Java alionaje alipofika chini ya Udzungwa. Mto, joto, mlima nyuma, na wanaume waliotoka mbali na mapanga. Nadhani alijiona yuko nyumbani.

Kabla sijaendelea, msomaji, lazima nikueleze jambo moja kuhusu muwa, maana bila hilo mji huu haueleweki.

Mahindi ukiyavuna unaweza kuyaweka ghalani ukasubiri bei. Kahawa ukishaikausha inakaa. Hata mkonge unavumilia kidogo. Muwa haungoji. Ukishachomwa moto ili majani yaungue na kukatwa, sukari iliyomo inaanza kuharibika, na baada ya siku mbili tatu hasara inaonekana kwenye mizani. Wala huwezi kuusafirisha mbali. Ni mzito, na sehemu kubwa yake ni maji. Ndiyo maana kiwanda cha sukari lazima kikae katikati ya shamba lake, na shamba lote liishi kwa saa ya kiwanda. King'ora kikilia, watu wanaamka. Mtambo ukiharibika, matrekta yanapanga foleni na miwa inakauka juu ya matela. Mwenye kinu ndiye mwenye saa. Sioni mgogoro wowote wa mji huu, tangu mwaka 1962 mpaka leo, ambao ukiuchimba hukuti chini yake swali hili: nani anamsubiri nani?

Kwa mkata miwa wa zamani jibu lilikuwa wazi. Alipewa ngwe yake asubuhi, akaimaliza au hakuimaliza. Msimu ulianza mvua zikikatika, kama mwezi wa sita, ukaendelea hadi mvua zikirudi na matrekta yakaanza kukwama. Akapewa nauli akaambiwa kwaheri, tutaonana mwakani. Miezi iliyobaki hakuwa na mwajiri. Kiwanda kilimhitaji nusu mwaka. Nusu nyingine alilishwa na shamba la mkewe huko Uheheni au Ubenani. Hesabu hiyo haimo kwenye kitabu chochote cha mahesabu cha kampuni, lakini mahindi ya wanawake wa Nyanda za Juu yalikuwa mtaji wa sukari kama zilivyokuwa paundi za London. Wanawake wenyewe nao walishuka baadaye, kupanda na kupalilia, mara nyingi kwa vibarua vya siku. Marjorie Mbilinyi na Ave Maria Semakafu waliandika mwaka 1995 kuhusu jinsia na ajira kwenye mashamba ya miwa ya Tanzania, na kazi hiyo ingestahili kusomwa na wengi kuliko inavyosomwa.

Baada ya Azimio la Arusha kiwanda kikawa mali ya umma. Vijiji vya ujamaa vikaanzishwa pembezoni mwa mashamba. Kimoja mpaka leo kinaitwa Msolwa Ujamaa, jina limebaki hata baada ya siasa yenyewe kustaafu. TAZARA ikajengwa na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, ikipita Kidatu na Mang'ula kwenda Mlimba, Makambako na Mbeya, na safari ambayo babu aliifanya kwa lori na kwa miguu ikawa safari ya kulala ndani ya behewa. Mwaka 1976 kikafunguliwa kiwanda cha pili, Ruembe, ng'ambo ya mto upande wa Kilosa. Kile cha kwanza cha Msolwa kikaitwa K1, hiki K2. Watu wa kule hutaja K1 na K2 kama sisi tunavyotaja mitaa ya kwetu.

Ulikuwa wakati wa matumaini, na sipendi uandishi unaoucheka. Kulikuwa na shule, hospitali, timu ya mpira, nyumba za wafanyakazi. Lakini kutaifisha hakukubadilisha tabia ya muwa. Saa ilibaki kinuni. Aliyeishika tu ndiye aliyebadilika. Na yule mpya alikuwa na kitu ambacho Mholanzi hakuwa nacho: aliweza kukwambia kwamba kugoma ni kumgomea mwenyewe, kwa kuwa kiwanda ni chako. Vyama huru vya wafanyakazi vilikwisha mwaka 1964, ikaja NUTA, kisha JUWATA, jumuiya ya chama tawala. Ukiwa na malalamiko ulimpelekea mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukutuliza.

Miaka ya 1980 ilipofika kila kitu kilikuwa kimechakaa. Vipuri havikuwepo kwa sababu fedha za kigeni hazikuwepo. Wasomaji wa umri wa wazazi wangu wanakumbuka foleni za sukari, kilo moja kwa kaya, na msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Wanachokumbuka kidogo zaidi ni kwamba katika nchi iliyokosa sukari, waliokuwa wakiikata walikuwa wanakosa mishahara inayotosha kununua chochote.

Julai 1986 wafanyakazi wa Kilombero waligoma kwa sababu ya madai yao ya malipo. Askari wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia wakapelekwa. Wakafyatua risasi za moto, na wafanyakazi wakauawa.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilikuwa chuo kikuu, kwenye kitabu cha sheria, katika aya moja iliyokuwa ikizungumzia jambo lingine. Nilikaa nikahesabu. Babu alikuwa ameshaacha kushuka wakati huo, lakini wadogo zake walikuwa bado wanashuka. Nyumbani hapakuwahi kusemwa neno. Nilipomuuliza, alinyamaza kidogo, akasema, "Mjukuu wangu, yale ya Kilombero yalibaki Kilombero." Nikamwacha. Mzee akikufungia mlango kwa upole namna hiyo huupigi teke.

Fikiria ulikuwa mwaka gani. Mwinyi alikuwa na miezi isiyozidi tisa Ikulu. Mwezi uliofuata serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na Tanzania ya zamani ikaanza kufunga virago. Vitabu vya uchumi vinaukumbuka mwaka 1986 kwa mkataba huo. Kwa mawazo yangu, historia ya ujamaa wetu ingebidi iweke matukio hayo mawili kwenye ukurasa mmoja: dola ya wafanyakazi na wakulima iliwapiga risasi wakata miwa majuma machache kabla ya kukubali kwamba haiwezi tena kuwalipa.

Na hapa nawageukia ninyi, wapenzi wa fasihi. Mgomo wa makuli wa Zanzibar wa mwaka 1948 ulipata riwaya yake, Kuli ya Shafi Adam Shafi, na vizazi vya wanafunzi vimewajua wachukuzi wa bandari kwa njia hiyo. Kijiji cha ujamaa kilipata Gamba la Nyoka ya Kezilahabi. Miwa ya Kilombero sijaikuta kwenye riwaya. Mikono ya kuiandika isingekosekana. Iringa na Mbeya zimetoa waandishi. Nadhani sababu mojawapo ni kwamba mtu wa msimu hana mahali pa kusimulia. Kule anakofanya kazi ni mgeni. Akirudi kwao, mambo aliyoyaona hayawahusu waliobaki. Hadithi inataka kijiwe, na kijiwe kinataka watu wanaokaa.

Mwaka 1998 kiwanda kiliuzwa. Illovo ya Afrika Kusini ikachukua asilimia 55, ED&F Man ya Uingereza 20, serikali ikabaki na 25. Baadaye Illovo yenyewe ikamezwa na Associated British Foods, kwanza sehemu kubwa mwaka 2006, kisha yote mwaka 2016. Sukari ikawekwa kwenye pakiti yenye jina Bwana Sukari. Uzalishaji ukapanda mara kadhaa, na huo ni ukweli ambao wapinzani wa ubinafsishaji hawaupendi. Ukweli wa pili ni kwamba ajira za kudumu zilipungua, na ukataji ukaenda kwa wakandarasi. Mkata miwa wa leo akidai haki yake, itabidi kwanza ajue anamdai nani.

Lakini jambo kubwa zaidi lililotokea baada ya mwaka 1998 ni la wakulima wadogo. Walikuwepo tangu zamani, ila sasa waliongezeka kwa maelfu. Watoto na wajukuu wa wale waliokuja na panga na blanketi lisilohitajika wakawa na ekari mbili, tano, kumi. Mashamba ya mpunga yakageuzwa miwa kuanzia Kidodi hadi Sanje. Waliobaki wakawa wenyeji. Ukipita pale sokoni leo utasikia Kihehe, Kibena, Kinyakyusa na Kingoni pamoja na Kividunda na Kipogoro cha wenye nchi, na watoto wanajibu vyote kwa Kiswahili.

Mama yangu mdogo ni mmoja wa wakulima hao. Ana ekari tatu upande wa Msolwa. Alinifundisha mambo ambayo hayamo kwenye ripoti. Miwa yake haimwagiliwi, inategemea mvua, wakati mashamba ya kiwanda yanapata maji ya mto. Analipwa kwa tani, lakini bei ya tani inafuata kiwango cha sukari kilichopimwa kiwandani, na wakulima wamelalamika kwa miaka mingi kwamba hawana namna yao ya kukihakiki kipimo hicho. Kubwa kuliko yote ni zamu. Kila mkulima anangoja chama chake kipangiwe siku ya kukata. Zamu ikichelewa, miwa inapita umri wake. Msimu ukiisha kabla hujafikiwa, miwa inabaki imesimama shambani, na ada za shule zinabaki zimesimama nayo.

Halafu kuna moto. Miwa ikiungua kabla ya zamu, kiwanda hakina budi kuiwahi, la sivyo yote imepotea. Kwa hiyo kila shamba linapowaka usiku, kijiji kizima kinaulizana kwa sauti ya chini: ni bahati mbaya, ni adui, au ni mwenyewe ameona achome ili afikiwe? Majivu meusi yanadondoka kwenye nguo zilizoanikwa, na kila anayekung'uta shuka lake ana jibu lake. Nilimuuliza mama mdogo kama amewahi kushawishika. Akacheka. "Wewe andika mambo ya babu yako," akasema.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 nchi nzima ilipata funzo fupi la mambo haya. Mvua za El Niño zilijaza mashamba maji, matrekta yakashindwa kuingia, vinu vikasimama, na sukari ikafika hata shilingi 4,000 na zaidi kwa kilo mahali pengi. Mitandaoni tulitukanana kuhusu wafanyabiashara na vibali vya kuagiza nje. Sikumbuki kuona watu wengi wakiuliza hali ya mtu ambaye miwa yake ilikuwa imezama.

Kwa sasa habari kubwa kule ni K4. Mwaka 2021 serikali na kampuni zilitia saini mpango wa kiwanda kipya, ili uzalishaji utoke tani kama 127,000 kwa mwaka hadi 271,000. Nyongeza kubwa ya miwa inatarajiwa kutoka kwa wakulima wadogo. Kinu kikubwa zaidi kinaweza kumaanisha foleni fupi zaidi, na mama mdogo ameongeza ekari moja kwa matumaini hayo.

Huku juu nako kuna hesabu nyingine. Tangu mapema miaka ya 1990, Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka hifadhini wakati wa kiangazi, viboko wakabanana kwenye madimbwi. Serikali iliwaondoa wafugaji Ihefu mwaka 2006 kwa sababu ya maji hayo, na mwaka 2008 Usangu ikaingizwa hifadhini. Wakulima wa mpunga wa Mbarali wamekuwa wakiambiwa kila mara kwamba wao ndio tatizo, wakati bwawa, mbuga na miwa vyote vinangoja chini yao kwenye mto mmoja. Ukisimama kwenye daraja la Ipogolo mwezi wa kumi, maji yakifika kifundo cha mguu tu, huwezi kujua kwamba yanasubiriwa mpaka Kidatu. Mwezi huohuo mama mdogo huwa ananipigia simu, na swali lake huwa moja kabla hata ya salamu kwisha: huko juu mvua zimeanza?